Usiifungue hiyo chupa

Usiifungue. Nimesoma swali lako mara mbili. Ultrasaundi imeonyesha ini lina mafuta, gredi ya kwanza, yaani kiwango cha chini, una miaka 38, wiki ya pili sasa hulali, mkeo hujamwambia, unauliza kama kitambi kinahusika na kama Desemba harusini utakula nyama choma. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo tu, unasema shemeji amekuletea dawa ya kusafisha ini ya elfu sita na utaianza Jumatatu. Hapo ndipo nilipousukuma ugali kando nikachukua simu.

2024 mimi ndiye niliyekuwa wewe. Gredi ya pili, kilo 94, ALT, kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia, ni 61 na maabara imeandika mwisho ni 40. Daktari alinipa dakika nne: punguza uzito, acha pombe na soda, rudi baada ya miezi mitatu. Akaita mwingine. Sikusikia uzito wala soda, nilisikia ini tu. Saa nane usiku niko kwenye simu nasoma sirosisi, yaani ini kujaa makovu, na saratani, na kulipopambazuka nilikuwa nishajizika na shamba nishaligawa.

Mtu mwenye hofu hiyo hatafuti matibabu, anatafuta wa kumwambia "usijali." Na yule bwana wa ghorofa ya pili kule River Road, Nairobi, alijua hivyo vizuri sana. Koti jeupe, stethoskopu shingoni ambayo sikumwona akiigusa hata mara moja. Karatasi zangu hakuzitazama. Alinibonyeza chini ya mbavu, akatikisa kichwa: "Sumu imejaa." Chupa tatu, 13,500. Chupa zenyewe ni zile za maji za nusu lita, lebo imebanduliwa lakini gundi bado inanata vidoleni, ndani maji ya kijani yenye mashapo mazito chini. Jina la mmea hakuna, tarehe hakuna. Kifuniko asubuhi, kifuniko jioni, na nisile chochote kizito siku 21. Nilipoanza kichefuchefu nikampigia. Akasema hiyo ndiyo sumu inatoka, ongeza kifuniko. Nikaongeza! Mimi, mhasibu, ninayegombana na makanga kwa sababu ya shilingi kumi.

Siku ya 17 mkojo ukawa rangi ya chai ya strungi. Siku ya 19 mke wangu alinivuta hadi dirishani, akashusha kope langu kwa kidole gumba, akanyamaza. Macho yalikuwa na manjano kama ule mstari wa ubavuni mwa matatu, nilibakiza kuandikwa namba ya ruti. ALT ilikuwa 1,180. Daktari wa wodi akaniuliza nimekunywa nini. Nikasema maji. Akauliza tena, nikasema maji. Mke wangu ndiye aliyetoa chupa kwenye mkoba akaiweka kitandani, katikati yetu.

Siku sita wodini, bili 168,000, pikipiki ikauzwa. Simu ya yule bwana ilizimwa wiki hiyo hiyo na haijawashwa mpaka leo. Binamu yangu aliyenipeleka kwake alikuwa na mgao wake, nimekuja kujua baadaye. Jumapili ananisalimia kanisani, "Bwana asifiwe," na mimi naitikia nikiwa nimesaga meno.

Mafuta hayakunilaza hata siku moja. Chupa ndiyo iliyonilaza. Unachomeza kikishafyonzwa tumboni kinapita kwanza kwenye ini hilo hilo unalodai kulisafisha. Na usiniambie ni kitu cha asili. Managu ni ya asili na nakula. Lakini hata chai ya kijani, ikikamuliwa ikawa vidonge vya kupunguza unene, imewahi kuumiza maini ya watu. Kwangu sheria ni moja: hakipiti kooni kitu chochote kwa jina la ini mpaka daktari aliyeona karatasi zangu akione na akijue.

Hiyo hofu nayo mpelekee daktari. Andika maswali kwenye kikaratasi, ukae mpaka ayajibu. Muulize kama kuna dalili ya makovu kwenye ini. Akishajua umri wako, ALT na mwenzake AST, na idadi ya pleitileti (chembe za kugandisha damu), anapiga hesabu ya makovu inayoitwa FIB-4 hapo hapo mezani. Muulize pia kama ulipimwa hepatitisi B na C, virusi vya ini. Mimi niliambiwa uwezekano wa makovu mazito ni mdogo, na usiku huo nikalala kama mtoto. Swali hilo ningeliuliza siku ya kwanza, pikipiki ningekuwa nayo. Ah, na ukiona karatasi moja imeandikwa NAFLD na nyingine MASLD, huna magonjwa mawili. Yote ni ini lenye mafuta, jina lilibadilishwa 2023. Mimi nililia mara mbili.

Kitambi ndiyo, kinahusika. Niliambiwa nipunguze asilimia 7 hadi 10 ya uzito, polepole, si kwa kujinyima ghafla, maana hilo nalo linaweza kuliumiza ini. Nikitoka kazini nashuka matatu Nyayo Stadium natembea hadi South B, chapati moja badala ya tatu, soda hapana. Sasa kilo 86, na ultrasaundi ya mwisho ilisoma gredi ya kwanza.

Harusini kula nyama kidogo, bia waachie wengine. Uliuliza kitu kingine, cha usingizi nadhani, kimenitoka. Mkeo mwambie leo, ndiye atakayekutazama macho. Na shemeji akiulizia chupa, mwambie ilivunjika.