Usingoje mashine, hesabu mitetemo kwanza

Tasnifu yangu ilipokubaliwa majuzi, kijana mmoja wa Mbale akaniandikia: "Kaka, nitasomaje superkondakta za chuma na huku hatuna mashine ya kupima infraredi?" Anazungumzia kampaundi zenye chuma zinazopitisha umeme bila ukinzani zikipozwa sana, na mashine ya kupima mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Swali hilo nalijua. Mhadhiri mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya wenzangu, bariamu na aseniki, elementi za kampaundi ninayoisoma, zitamfaa nini mkulima wa Soroti. Wakacheka wote. Sijasahau, na wala sina mpango wa kusahau.

Mimi nilianza na penseli. Chukua BaFe₂As₂, kampaundi mama ya bariamu, chuma na aseniki: haipitishi umeme bila ukinzani mpaka uikandamize au uichanganye na kitu kama kobalti au potasiamu. Seli yake ndogo kabisa, yaani kipande cha fuwele kinachojirudia, ina atomi 5, na kila atomi hutikisika pande tatu, basi mitetemo 15. Toa 3 ambamo fuwele nzima inasogea pamoja, zinabaki 12. Ulinganifu wa fuwele unakwambia ni aina 4 tu zinazonasa infraredi, na uga wa umeme wa mwanga ukilala sambamba na tabaka za chuma, ni 2. Mbili tu! Nikafungua vipimo vilivyochapishwa 2009, nikazikuta: moja karibu na mawimbi 94 kwa sentimita, nyingine karibu na 253, ambayo ni chuma na aseniki zikisukumana. Nilipiga kelele hadi dada yangu akadhani Cranes, timu ya taifa ya Uganda, wamefunga.

Ugumu ni kwamba sampuli hii ni metali. Elektroni zake zinarudisha sehemu kubwa ya mwanga, kwa hiyo kuona fononi (ndiyo mitetemo hiyo ya atomi) humo ni kama kumsikiliza mtoto anayenong'ona katikati ya soko la Owino. Ndiyo maana nasema hesabu kwanza: usipojua unatafuta mbili, kila kinundu kwenye grafu utakiita fononi. Halafu fuata joto likishuka. Karibu na kelvini 138 sumaku za chuma hujipanga, umbo la mraba linavutika upande mmoja, na masafa ya ule mtetemo wa 253 yanaruka ghafla. Hapo ndipo utamu wote ulipo.

Vijana wetu mnapenda mno kulalamika. Penseli haikatiki umeme. Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa mitetemo kama hii, ni ya bure. Hesabu, kisha hesabu tena.

Wewe wa Mbale, LaFeAsO, kampaundi nyingine ya jamii hii, ina atomi 8 kwenye seli, mitetemo 24. Nitumie orodha ya inayonasa infraredi, ndipo tuzungumze habari za mashine.