Macho kuwasha na kuona ukungu mbele ya kompyuta

Pole sana, ndugu uliyeuliza kwa nini macho yanakuwasha na kuona ukungu kazini, na kama ununue miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Kuingiza hesabu kwenye kompyuta kwa muda wa saa 9 kila siku lazima jioni macho yawashe na maandishi yafanye ukungu. Mara nyingi ni kusahau kupepesa: ukikodolea skrini, kope hazifungi vya kutosha na macho yanakauka. Hiyo feni uliyosema inakupuliza usoni ndiyo inamalizia kabisa, igeuzie pembeni leo hii. Kila dakika 20 tazama mbali, kama mita 6, hata mwembe wa nje, kwa sekunde 20. Skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, dirisha likae ubavuni. Hiyo miwani ya kuzuia mwanga wa bluu wa skrini? Mimi nisingetoa hela yangu. Ukungu usipoisha hata ukipumzika, kapimwe macho. Matone usijinunulie kiholela. Yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) yanaweza kukuletea presha ya macho.