Maswali yenu: majina ya elementi za maabara

Mwanasayansi akitengeneza elementi mpya, si anaipa tu jina analotaka? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hapana. Kwanza madai yake yachunguzwe na jopo la IUPAC na IUPAP, vyama vya kimataifa vya kemia na fizikia. Kikosi cha Kosuke Morita huko RIKEN, taasisi ya utafiti ya Japani, kilirusha zinki kwenye bismuthi kikapata atomi moja ya elementi namba 113, yaani yenye protoni 113, mwaka 2004, nyingine 2005, ya tatu 2012. Basi. Haki ya kupendekeza jina walipewa mwishoni mwa 2015. Wakachagua nihoniamu, kutokana na Nihon, jina la nchi yao. Pendekezo likawekwa hadharani miezi mitano, likapitishwa Novemba 2016. Ninyi mnaosambaza kila "ugunduzi" siku unapotangazwa, mkumbukeni Mjapani Masataka Ogawa: mwaka 1908 alitangaza niponiamu kuwa namba 43, na haikuwa namba 43.

Tukikusanya sahihi, elementi inaweza kuitwa Kilimanjaro? (Moshi)

Swali hili linarudi kila mara. Sahihi hazihesabiwi, anayependekeza ni mgunduzi. Jina la mahali linaruhusiwa, sawa na la mwanasayansi, madini, sifa ya elementi au kisa cha kale. Mnaolitaka kweli, dai la kwanza liwe walimu wa fizikia na maabara zenye vifaa katika sekondari zetu.

Ni kweli elementi hairuhusiwi kupewa jina la mtu aliye hai? (Nakuru)

Si kweli. Wanasayansi Glenn Seaborg na Yuri Oganessian walipewa elementi zenye majina yao wangali hai.

Ununpentiamu na moskoviamu zinatofautianaje? (Mwalimu, Tanga)

Ni kitu kimoja, namba 115. La kwanza lilikuwa jina la muda. Mwalimu, hiyo chati iliyoko ukutani ni ya kabla ya 2016, ibadilishe.

Otto Hahn aligundua mpasuko wa kiini cha atomi. Mbona hana elementi? (Mombasa)

Wamarekani waliita namba 105 haniamu kwa miaka mingi, lakini mwaka 1997 IUPAC iliipa jina la dubniamu, kwa heshima ya mji wa Dubna, Urusi. Jina lililokwisha kutumika hivyo halipewi elementi nyingine.

Mimi nasikitika zaidi kwa Lise Meitner. Alifanya kazi na Hahn miongo mitatu, akakimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1938 kwa kuwa na asili ya Kiyahudi. Akiwa uhamishoni Sweden, yeye na mpwa wake Otto Frisch ndio waliofafanua kifizikia kilichotokea katika urani ya Hahn. Nobeli ya Kemia ya 1944 akapewa Hahn peke yake. Maabara ya Darmstadt, Ujerumani, ilipotengeneza namba 109 mwaka 1982, ilimchagua Meitner: maitneriamu. Kyuriamu ni ya Marie Curie pamoja na mumewe; hii ni ya Meitner pekee. Anayefundisha mpasuko wa kiini bila kumtaja anawapunja wanafunzi wake.