Maswali na majibu: seva ya gemu ikizimika usiku

Seva yangu ya Minecraft huzimika nikiwa nimelala. Nifanyeje ijiwashe?

Kwenye Linux, ikabidhi kwa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine. Katika faili ya huduma, chini ya [Service], andika Restart=always na RestartSec=15. Wengi huweka on-failure, yaani iwashwe tena pale tu inapotoka kwa kosa, lakini baadhi ya seva huanguka, zikaandika ripoti ya ajali, kisha zikatoka na namba 0, ishara ya kutokuwa na kosa, kana kwamba zimezimwa kwa amani. Ukitaka ibaki imezimwa, tumia systemctl stop. Ukiizima kutoka ndani ya gemu, itainuka tena.

Inajiwasha, ila mimi huambiwa na wachezaji asubuhi. Nipateje taarifa?

Hapa ndipo wengi huishia njiani, na inaniuma, maana seva inayojiinua kimyakimya huficha ugonjwa wake. Chini ya [Service], tumia ExecStopPost=. Amri unayoiweka hapo huendeshwa kila huduma inaposimama, kwa heri au kwa shari. Iwe skripti fupi inayotuma kwa curl (amri ya kutuma data mtandaoni) ujumbe wa Discord au Telegram wenye $SERVICE_RESULT (matokeo ya huduma), $EXIT_STATUS (namba au ishara iliyotoka nayo) na mistari 20 ya mwisho ya logi, yaani kumbukumbu za seva. Bila mistari hiyo utaamka saa nane usiku usijue pa kuanzia. Ukisoma 143 kwenye $EXIT_STATUS, kwa kawaida ni Java, programu inayoendesha seva, iliyozimwa kwa utaratibu. Ukisoma KILL, imeuawa.

Jana ilijiwasha usiku kucha, kila baada ya dakika mbili. Haina kikomo?

Kikomo kipo: kwa kawaida systemd hukata tamaa huduma ikiwashwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10. Seva inayochukua nusu dakika kupanda haifikii hesabu hiyo kamwe. Katika faili ileile, chini ya [Unit], weka StartLimitIntervalSec=1800 na StartLimitBurst=5. Kisha endesha journalctl -k, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha Linux. Ukikuta "Out of memory", kerneli ndiyo iliyoiua, na mara nyingi ni kwa sababu -Xmx (kikomo cha kumbukumbu unachoipa Java unapoiwasha) imepewa RAM yote ya mashine, ilhali Java hula zaidi ya kiasi hicho. Ipunguze, na uhifadhi nakala ya ulimwengu leo hii: seva ikikatika katikati ya kuandika, inaweza kuharibu kipande cha ulimwengu ambacho watu wamekijenga kwa miezi.

Na ikiganda bila kufa?

Minecraft ina mlinzi wake, max-tick-time ndani ya server.properties. Kawaida ni 60000, yaani tiki moja (hatua moja ya hesabu za gemu) ikizidi sekunde 60 seva hujizima, na systemd inaiwasha. Ukiweka -1 umemwondoa mlinzi huyo.