Kupanga mizigo ya honda kabla ya kuvuka kwenda Pemba

Ukitaka kujua kama honda, yaani pikipiki, imepakiwa vibaya, huna haja ya kufungua sanduku hata moja. Washa taa ya mbele usiku: ikimulika makuti ya minazi badala ya barabara, uzito umekaa nyuma.

Sanduku la juu, lile la kwenye keria, ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu linafunguka upesi na lina kufuli. Basi kila kizito kinatiwa humo: spana, oili, chupa za maji. Lakini sanduku hilo liko juu, tena nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, kwa hiyo kila kilo unayoongeza inalipunguzia uzito tairi la mbele. Matokeo yake usukani unacheza ukishika kasi, na kwenye vilima na kona za Pemba honda inakuwa ngumu kukata kona. Masanduku mengi yana kibandiko ndani ya mfuniko kinachotaja kikomo, mara nyingi baina ya kilo 3 na 10. Keria nayo ina kikomo chake. Fuata kile kilicho kidogo. Humo tia koti la mvua, nguo za kubadilisha na mkate wa njiani. Yanatosha.

Vizito viende kwenye mabegi ya pembeni: chini kabisa, upande unaoelekea mbele. Pima kila begi kwa mizani ya kuning'iniza, na tofauti ya kushoto na kulia isizidi kilo 1 au 2. Chupa ya maji ya lita 1.5 inafaa kusawazishia, ila ukishainywa hesabu imevunjika, kwa hiyo maji ya kunywa yagawe pande zote mbili. Upana wa mabegi usipite upana wa usukani. Hapo, kichochoro cha Mji Mkongwe utakachopitisha usukani, na mabegi yatapita.

Upande wa ekzosi, begi la kitambaa lazima lizuiwe na chuma cha keria lisiegemee bomba hata likijaa. Lijaribu likiwa na mzigo, kwani likiwa tupu halining'inii.

Vyombo vya ufundi viwe begi la kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama pembeni ya barabara, begi hilo liko upande wa majani na gari zinapita upande wa pili wa honda. Lina tabu moja: honda ikiegemea stendi ya pembeni inalalia kushoto, na sanduku linalofunguka kwa ubavu litamwaga kila kitu. Dawa yake ni kutia vitu ndani ya vifuko, kila kifuko rangi yake. Spana namba 10, 12 na 14, bisibisi, koleo, plaga na spana yake, zifungwe pamoja kwenye kitambaa kilichopakwa oili kidogo. Hewa yetu ya chumvi haisamehe chuma. Tyubu ya akiba isikae na vyombo hivyo. Mtikisiko unaisugua juu ya spana mpaka itoboke, na utagundua siku unayoihitaji. Ipake poda, izungushie kipande cha khanga, itie peke yake. Solusheni ya viraka iwe mpya, maana ikishafunguliwa hukauka.

Wakati wa masika usitegemee kifuniko cha mvua pekee. Maji mengi yanatoka chini, yanarushwa na tairi, na kifuniko kinayakinga na kuyahifadhi kama beseni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar kitambo, kwa hiyo tafuta mifuko ya turubai laini ya kukunja mdomo: toa hewa, kunja mara 3, ndipo ufunge.

Kabla ya kupanda meli, vua mabegi yanayovulika na uchukue mkononi vyeti, simu na dawa. Mabaharia wakifunga kamba, waombe waipitishe kwenye fremu, si kwenye keria. Ukishuka bandari ya Mkoani, Pemba, futa kufuli na bawaba kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha tia tone la oili.

Upepo wa matairi na ugumu wa shokapu vifuate kibandiko cha honda, mstari wa watu wawili, hata kama uko peke yako. Ukifika Chake Chake kaza nati zote za keria; safari ya kwanza yenye mzigo ndiyo inayozilegeza. Weka zile zenye nailoni ndani, na chunguza maungio ya welding, maana ufa huanzia hapo.

Robo ya nafasi iache tupu kwa ajili ya kurudi. Maembe na halua vitaingia. Pweza mkavu mfunge nje, juu ya begi, au koti la mvua litanuka mpaka vuli.