Barua pepe zikishuka mara mbili, usifute kwanza

Jumatatu moja asubuhi nilipigiwa simu na mhasibu wa ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, mama mtaratibu ambaye hanitafuti bila sababu. Nilipomwamkia aliitikia haraka, akaingia kwenye jambo: "Mwanangu, barua zimerudi zote. Hata za mwaka juzi. Zinaingia tu, na bando linakwenda." Nikamwomba azime modemu na asifute hata barua moja mpaka nifike.

Nilichelewa. Kijana wa mapokezi alikuwa ameshaanza kumsaidia: amezipanga barua kwa kichwa cha habari, anazifuta mbilimbili. Mahali pengine alifuta nakala, mahali pengine alifuta nakala na asili yake. Kompyuta ile ilikuwa imewekwa iache barua kwenye seva "mpaka zitakapofutwa hapa". Maana yake, kila alichofuta pale mezani, Thunderbird, yaani programu yake ya barua, iliiagiza seva nayo ifute. Ankara kadhaa zilipotea pande zote mbili, na ilitubidi tuwapigie wateja mmoja mmoja watume upya. Nimeona maumivu ya aina hii zaidi ya mara moja, ndiyo maana naandika.

Jambo la kujua kwanza ni kwamba POP, utaratibu uliotumika pale kushusha barua kutoka kwenye seva, haina kumbukumbu. Kwa jinsi ilivyoandikwa mwaka 1996 katika RFC 1939 (moja ya hati za kanuni za mtandao), seva haiandiki popote kwamba fulani ameshachukua barua hii. Inachofanya ni kuipa kila barua namba yake ya kudumu, iitwayo UIDL, isiyozidi herufi 70. Daftari la namba zilizokwisha kuchukuliwa analo karani wako, yaani programu ya barua iliyoko kwenye kompyuta yako. Nilimweleza mama yule kwa lugha ya kazi yake: ni kama karani wa bandarini anayehesabu makontena kwa namba zilizopakwa ubavuni. Daftari likipotea, ataanza kuhesabu upya. Na usiku mtu akipita akapaka namba nyingine kwenye makontena yaleyale, asubuhi karani ataona mzigo mpya mtupu, na hatakuwa na kosa.

Kwa hiyo ukikuta barua mbili zinazofanana, swali la kwanza ni hili: imefika mara mbili kwenye seva, au imefika mara moja na kushushwa mara mbili? Tiba ni tofauti kabisa, na watu wengi wanahangaikia upande usiohusika.

Jibu limo ndani ya barua yenyewe. Kwenye Thunderbird fungua nakala ya kwanza, bonyeza Ctrl+U, utaona maandishi yote ya juu ambayo kwa kawaida hufichwa. Fanya hivyo na nakala ya pili, uziweke ubavu kwa ubavu. Tafuta mstari wa Message-ID, yaani kitambulisho cha barua. Ukitofautiana, hizo ni barua mbili kweli: mtumaji ametuma tena. Ukiwa uleule, nenda kwenye mistari inayoanza na Received. Kila seva iliyoipokea barua njiani iliongeza mstari wake kwa juu, kwa hiyo isome kutoka chini kwenda juu. Kama mistari yote inalingana hadi sekunde na namba ya foleni ambayo seva huipa barua, barua ilifika mara moja tu na ni kompyuta yako iliyoishusha tena. Kama inalingana chini halafu juu inaachana, mfano moja imepokelewa saa 08:14:07 na nyingine 08:14:09 kwa namba tofauti, basi iligawanyika njiani. Mara nyingi sana hapo chanzo ni anwani ya pamoja ya ofisi inayoelekezwa kwako, wakati mtumaji amekuweka pia kwenye nakala (CC). Ondoa njia moja, umemaliza.

Mara chache mistari huachana pale barua inapotoka kwenye seva ya mtumaji kuingia ya kwako. Hapo huenda mtandao ulikatika kati ya seva mbili: ya kwako imeshapokea barua, lakini ya mtumaji haikusikia jibu, ikatuma tena. Tatizo hilo lilielezwa tangu 1988 katika RFC 1047 na bado lipo. Mjulishe mtumaji, usiguse kompyuta yako.

Kwa yule mama mistari ililingana yote. Nikafunga Thunderbird, nikanakili folda nzima ya wasifu wake (profile), ambamo barua zake hukaa, kwenye diski ya nje (hatua hii usiiruke hata kama una haraka), kisha nikafungua faili liitwalo popstate.dat kwa programu ya kawaida ya maandishi. Ndilo daftari la karani. Kila barua iliyoachwa kwenye seva ina mstari unaoanza na herufi k, ikifuatwa na namba yake ya UIDL. Namba za zamani zilianza na neno UID na kistari katikati. Za asubuhi ile zilikuwa herufi 16 kila moja, zimeanza na sifuri nyingi. Makontena yamepakwa upya. Nikaipigia kampuni inayowahifadhia barua, nikauliza swali moja: "Mlihamisha seva mwishoni mwa wiki?" Wakasema ndiyo.

Anayehamisha seva anaweza kuzuia haya. Dovecot, programu ya seva za barua, kwa mfano, ina kipengele cha pop3_uidl_format kinachoamua namba ziandikwe kwa muundo gani, na ina programu-jalizi ya kurithi namba za seva ya zamani. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi, na inawaokoa wateja kushusha upya sanduku zima kwa bando la kununua. Naliona hili kama suala la heshima kwa mteja.

Aina nyingine nilikutana nayo kwenye karakana moja ya useremala: barua arobaini zilezile zilishuka kila baada ya dakika kumi, kutwa nzima. Hapa namba hazikubadilika. Kwenye POP, agizo la kufuta halitekelezwi papo hapo. Seva hungoja neno QUIT, la kuaga, mwishoni mwa kikao (muda wote programu yako inapozungumza na seva), na mtandao ukikatika kabla ya hapo haifuti chochote. Na kuna programu ambazo nazo huandika daftari lao mwishoni tu. Barua ya 41 pale ilikuwa na michoro mizito, modemu inakata katikati, kikao kinakufa, kila kitu kinaanza upya. Niliingia kwenye sanduku kwa kivinjari, nikaihamishia ile barua kwenye folda nyingine, kwa sababu POP huona kikasha kikuu peke yake. Kikao kilichofuata kilifika mwisho na zile arobaini hazikurudi. Mahali pengine anayekata kikao ni kizuia virusi kinachokagua barua njiani. Kizime ukaguzi huo wa barua kwa muda mfupi, ujaribu, kisha ukirudishe.

Mkiwa na simu na kompyuta mbili kwenye sanduku moja, hamieni IMAP, ambako barua na alama za kusomwa hukaa kwenye seva. Najua ofisi nyingi zimebaki na POP kwa sababu nafasi waliyokodi kwenye seva ni ndogo. Hilo naliheshimu.

Sasa ndiyo unaweza kufuta. Kwanza ondoa tiki kwenye ile "mpaka zitakapofutwa hapa" ili seva ibaki salama. Tumia kiongezo cha Thunderbird cha kuondoa nakala, ukiweke kilinganishe Message-ID, si kichwa cha habari wala ukubwa. Pitia orodha kwa macho kabla ya kukubali. Kisha shindilia folda (Compact), maana bila hivyo nafasi kwenye diski hairudi.

Na ukipata taarifa kwamba seva itahamishwa, Ijumaa jioni shusha kila kitu hadi mwisho, ingia kwa kivinjari, tengeneza folda kwenye seva, uhamishie humo barua zote za kikasha kikuu. Kwanza hakikisha, kama ilivyo kwenye kufuta, kwamba tiki ile imeondolewa. Mama yule alifanya hivyo safari iliyofuata. Jumatatu zilishuka barua tisa, zote mpya.