Isome kutoka kulia: yeni ya joka iliyonitoka mkononi

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya sarafu ya Kijapani ya madini ya fedha, yenye joka, anauliza ni ya mwaka gani. Kidonda changu kikafunguka upya, maana nami niliwahi kuwa nayo ya namna hiyo.

Nilikuwa masomoni Osaka, Japani. Kila tarehe 21 na 22 ya mwezi kuna gulio kwenye viwanja vya hekalu la Shitennoji, na huko ndiko nilikonunua yeni moja ya enzi ya Meiji, yaani utawala wa mfalme mmoja wa Japani; huko miaka huhesabiwa tangu enzi ilipoanza. Nilijinyima wiki nzima. Usiku nikakaa nayo chini ya taa, nikaona 年二十治明, nikasoma kutoka kushoto kama nilivyozoea vitabuni: 二 mbili, 十 kumi, basi ishirini. Meiji 20, yaani 1887. Nikaandika kwa wino juu ya bahasha.

Baadaye nilibanwa na kodi ya chumba nikamuuzia mtoza sarafu mwenzangu. Alitazama bahasha, akatazama sarafu, akalipa bila kuomba hata kupunguziwa. Wiki iliyofuata aliionyesha mbele ya wenzetu: Meiji 12, mwaka 1879, adimu kuliko ile niliyoiandika. Alijua tangu mwanzo. Hakunidanganya, ila alinyamaza, na kimya kile kinaniuma mpaka leo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimehitimu juzuu zote 30 madrasa nikisoma kutoka kulia, na sarafu ile nayo ilitaka hivyo hivyo!

Sarafu za Japani za kabla ya Vita Kuu ya Pili husomwa kutoka kulia. Tafuta kwanza 年, maana yake mwaka. Hapo ndipo tarehe inapoishia. Ukiikuta kushoto, anzia kulia. Kumi, 十, ikitangulia mbili ni 12. Mbili ikitangulia kumi ni 20. Kisha jumlisha upate mwaka wa kawaida: enzi ya Meiji ongeza 1867, ya Taisho 1911, ya Showa 1925. Mwaka wa kwanza wa enzi hauandikwi moja, huandikwa 元, kwa hiyo 年元正大 ni Taisho 1, mwaka 1912. Sarafu za siku hizi zina tarakimu tulizozizoea, isipokuwa ya yeni 5, ambayo bado imeandikwa kanji tupu, yaani herufi kama hizo za hapo juu.

Ndugu zangu, acheni haraka. Usiuze kitu ambacho hujakisoma, wala usiamini bahasha, hata kama mwandiko ni wako mwenyewe. Anza kulia. Rudia tena, anza kulia.

Na wewe uliyenitumia picha, yako inaonyesha 年八十三治明. Kutoka kulia ni tatu, kumi, nane, yaani Meiji 38, mwaka 1905. Lakini usishangilie bado, kwani za bandia ni nyingi mno. Nenda kwa sonara akuwekee kwenye mizani: inatakiwa ikaribie gramu 26.96. Ukishapima niandikie, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.